Sambusa Si Hasara

Mwandishi mmoja amedai kwamba fedha za vitafunio kwenye maonyesho ya filamu ni fedha za kutupwa, na kwamba mpenda sinema ale kwao kwanza. Nimemsoma mara mbili. Amekosea.

Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lina mazoea ya kuonyesha filamu Ngome Kongwe, Unguja. Ukivuka barabara uko Forodhani, penye urojo, mishkaki na maji ya miwa. Pale ndipo mwongozaji asiyejulikana anapopata dakika kumi na mtu mwenye kamera, kwa sababu wote wawili wana njaa. Ukumbi usio na Forodhani jirani lazima uitengeneze.

Ubaya ni mipango mibovu, na hapo ningemuunga mkono. Biriani kwenye sahani huishika mikono yote miwili. Utampaje mtu mkono, utaandikaje namba yake? Andaa sambusa, katlesi, kababu na kashata, vipande vitano au sita kwa kila mgeni. Vitoke filamu inapoisha, kabla ya hotuba, maana hotuba zetu hupoza chakula. Nyama iwe ya halali, vyenye samaki na karanga vikae mbali na viandikwe. Kahawa ya tangawizi isikose: inawabakiza watu nusu saa zaidi, na katika nusu saa hiyo kazi hupatikana. Ramadhani, futari itangulie filamu.

Na fundi wa projekta awekewe sahani yake mapema. Yeye ndiye anayetoka wa mwisho.