Kijana Wako Anapotaka Gari Lake la Kwanza

Mwezi huu nimeona tuliweke mezani jambo ambalo siku hizi linaingia katika nyumba nyingi za huku kwetu Kilwa na Lindi. Zamani kijana akipata fedha za korosho au simsim alinunua baiskeli na redio. Baadaye ikawa pikipiki. Leo kijana aliyeajiriwa na kudunduliza mwaka mmoja au miwili anataka gari, na fedha zikipungua humjia mama.

Mama mmoja wa Kivinje ameniuliza afanye nini. Mwanawe ana miaka 23, ni mwalimu, na amelipenda gari moja aina ya Toyota Altezza lililoko kwa dalali Dar es Salaam. Ni gari la chini, lina nguvu, na mlio wake vijana wanaujua hata kabla halijaonekana. Anamwomba mama amwongezee fedha zote za simsim za msimu huu. Je, amkatalie?

Jibu langu ni kwamba asimkatalie gari, bali akae naye walichague pamoja. Ukimkatalia kabisa, huenda kesho akanunua pikipiki bila kukuuliza. Sisi wauguzi tunawapokea vijana wa pikipiki wakiwa wamevunjika miguu na vichwa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilohilo linasema mkanda wa gari ukifungwa hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu. Kwa hiyo gari dogo lenye mikanda mizima na breki nzuri ni afadhali mara nyingi kuliko pikipiki.

RAHA YA GARI NI KUTEMBEA

Wazazi wengi hukosea kwa kuidharau raha anayoitafuta kijana. Raha ya gari ni ya kweli, nasi tuikubali. Lakini tumuulize: raha hiyo iko wapi? Gari lenye nguvu linaloshinda chini ya mwembe kwa sababu mshahara hautoshi mafuta halina raha yoyote.

Gari dogo jepesi hupita kwa urahisi katika njia nyembamba za Kivinje na hutumia mafuta kidogo. Jumapili mchana litampeleka yeye na wenzake watatu wa kwaya hadi Masoko, wapande mashua kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, na Jumatatu bado atakuwa na nauli ya wiki. Akipenda kuendesha hasa, atafute gari dogo la gia za mkono, kama Toyota Starlet ya zamani. Hapo atajifunza gari vizuri, na atafurahi bila kukimbia sana.

Na mbio tusizifanyie mzaha. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, na lami ikafika baadaye, safari ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi. Lakini lami hiyo hiyo inapita Somanga, Nangurukuru na Mchinga, mahali penye watoto, mbuzi na akina mama wenye ndoo kichwani. Kwenye makazi mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii wilayani Kilwa, tulijifunza pia kwamba lami ya jana si lazima iwe ya leo.

GARI AMBALO FUNDI WA KARIBU ANALIJUA

Kabla ya kuulizia bei, muulize fundi wa Nangurukuru au wa Lindi mjini ni magari gani anayoyatengeneza kila wiki. Mara nyingi atakutajia Toyota Vitz, IST na Passo. Hayo ndiyo ambayo spea zake hupatikana bila kuagiza Dar es Salaam na kulipia basi. Injini nyingi za magari hayo huendeshwa na mnyororo wa ndani. Starlet, RAV4 za kwanza na Altezza nyingi hutumia mkanda wa mpira, ambao hubadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, waweza kuleta hasara kubwa. Muuzaji asiyeweza kusema mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ukate gharama hiyo kwenye bei.

Kama kazi ya kijana iko kwenye njia za udongo za kwenda Liwale, Vitz itamchosha wakati wa masika. Suzuki Jimny au RAV4 ya milango mitatu itamfaa zaidi. Ila aonywe: gari fupi lililoinuka hupinduka upesi likikatishwa kona kwa mbio.

KUAGIZA AU KUNUNUA LILILOPO

Gari linaloagizwa nje hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Gari la umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Ndiyo maana gari linaloonekana rahisi kule Japani hupanda bei likifika bandarini. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha, maana viwango hubadilishwa na bajeti.

Kwa fedha za mwalimu kijana, mara nyingi njia ni kununua lililokwisha kusajiliwa hapa. Watu husema "hili ni namba D" au "namba E" kana kwamba ndio umri wake. Herufi hizo zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa uangalie kwenye kadi.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na uende na fundi wako, si wa muuzaji. Ukikuta injini imeshawashwa, rudi siku nyingine. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Fungua mfuniko wa oili: ukiona utando mzito kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Tazama raba za pedali. Zikiwa zimelika hadi chuma huku dashibodi inasoma kilometa 40,000, mmoja kati ya hivyo viwili anadanganya.

Lala chini utazame kutu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na gari lililolala miaka Masoko au Lindi huliwa chini kabla ya juu. Inua zulia, unuse. Harufu ya ukungu, na tope kwenye reli za viti, ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko.

Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu hupasuka kwenye lami ya moto hata kama meno bado yapo. Kisha vuta kila mkanda kwa ghafla. Usipokaza, haufai.

KARATASI

Kadi halisi iwepo siku ya kulipa. Jina lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya chesisi ilingane na ile ya kwenye gari. Maneno ya "kadi nitaileta wiki ijayo" mara nyingi yana maana kwamba kadi iko kwa mkopeshaji. Tazameni deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, andikeni mkataba kwa wakili, kisha mhamishe umiliki TRA mara moja. Bima ndogo ni lazima kisheria, nayo hulipa wale mtakaowaumiza. Gari lenu hailipi.

ROBO IBAKI NYUMBANI

Kijana mwenye milioni 9 asinunue gari la milioni 9. Anunue la milioni 6 na nusu au 7, na zinazobaki zilipe tairi, breki, oili, bima na uhamisho wa kadi. Azoee pia kutumia maji maalumu ya rejeta. Maji ya visima vyetu vya pwani yenye chumvi hula rejeta mpaka inatoboka.

Kwa yule mama wa Kivinje nasema hivi. Usitoe fedha zote za simsim, maana ndizo mbegu na chakula cha nyumba. Mwambie utalipia kitu kimoja unachokichagua wewe: tairi nne mpya, na tena mikanda ikiwa mibovu. Muziki na rimu atajinunulia mwenyewe baadaye. Siku gari likifika, kaa kiti cha mbele, jifunge mkanda, umwambie akupeleke Masoko. Akiendesha taratibu mbele ya mama yake, umepata nafasi ya kumwomba aendeshe hivyohivyo usipokuwepo.