Motokaa ya Kwanza Isiwe Mzigo wa Wadhamini



Twaandika juu ya jambo ambalo halikuwa katika ajenda ya mkutano wetu wa tawi, walakini lazungumzwa kila siku wakati wa chai, nalo ni habari ya motokaa. Wengi wetu tuliokaa kazini miaka kumi au zaidi sasa twanunua gari la kwanza, tena twanunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Jambo hilo si baya. Mfanyikazi anayeingia zamu saa kumi alfajiri hana matatu ya kumpeleka, na mtoto akishikwa na homa usiku wa manane hawezi kungoja pikipiki. Hatusemi mtu asinunue. Twasema habari ya gari lenyewe, maana siku hizi kila anayepewa mkopo, naye hajapata kuwa na motokaa hata siku moja, ataka kuanza na lile kubwa la kupandia milima: Prado, Pajero, Land Rover Discovery na ndugu zao. Watu huyaita "fowili", kama kwamba magari mengine yana magurudumu matatu.

Sababu ya tamaa hiyo twaijua, maana hata sisi ilitushika. Gari la namna hiyo likiwa jipya ni mali ya mkurugenzi. Likiisha kutembea miaka 15 au 20 laonekana kando ya barabara na kibao cha kuuzwa, na bei yake ni sawa na gari dogo lililotoka Japani juzi, ambalo kwa kanuni ya Kenya halina budi kuwa chini ya miaka minane. Basi mtu apiga hesabu ya haraka na kusema, kwa fedha zile zile kwa nini ninunue kidogo nikaacha kikubwa?

Hapo ndipo hesabu inapopotea. Bei ya kununua gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Gari la mkurugenzi, hata likizeeka, lataka vipuri vya gari la mkurugenzi, mafuta ya injini ya gari la mkurugenzi, na mipira ya ukubwa ule ule. Aliyeliuza alijua hayo, ndiyo sababu aliliuza. Tena gari lavunjika zaidi uzeeni kuliko ujanani, kwa hiyo mnunuzi wa mwisho, ambaye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliopata kulimiliki, ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko wote.

Tuchukue petroli peke yake. Mwenzetu akaa kilomita 15 kutoka kazini, kwenda na kurudi ni 30, na kwa siku 26 za kazi zawa kilomita 780. Gari kubwa la petroli katika msongamano wa Nairobi huenda kama kilomita 6 kwa lita, yaani lita 130 kwa mwezi. Gari dogo la injini ya 1500 huenda kilomita 13, yaani lita 60. Tuseme lita ni Sh. 180/-, la kwanza litakula Sh. 23,400/- na la pili Sh. 10,800/-. Na bei hiyo si ya kuapa nayo, maana mwaka 2023 petroli ilipita Sh. 200/- kwa lita, na mwezi wa Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulio ndani ya kila lita ulipandishwa kutoka Sh. 18/- hadi Sh. 25/-. Mwenye kunywesha lita 130 hulipa ushuru huo mara mbili ya jirani yake, na barabara wapita ile ile.

Sasa tueleze habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, wala chama cha mikopo, wala gereji. Alikuwa na akiba ya Sh. 300,000/-, akapewa mara tatu yake, Sh. 900,000/-, kulipa kwa miezi 48. Tulimdhamini watu wanne. Twasema tulimdhamini kwa sababu sisi tumo katika hao wanne, na tulitia sahihi tukicheka, tukiomba tu kwamba siku ya kwanza atupakie wote. Alitupakia. Tulikaa juu kabisa, tukawatazama watu wa matatu kwa chini, na hatutakana kwamba tulifurahi.

Makato yake yalikuwa kama Sh. 23,700/- kwa mwezi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, na karani alihesabu akaona yametosha, hayakupita. Lakini sheria yalinda hati ya mshahara tu. Hakuna sheria ya kulinda theluthi inayobaki isimezwe na tangi la petroli. Ilipofika mwezi wa pili aliliacha gari nyumbani siku nne kwa juma akaja kwa miguu. Mwezi wa saba injini ilichemka njiani akienda kwao, kichwa cha silinda kikapasuka, na fundi akataka fedha zilizozidi mshahara wa miezi miwili. Gari likakaa gereji, makato yakaendelea. Mwezi wa kumi na nne mkataba wake wa kazi ukaisha usitiwe upya, na hilo halikuwa kosa lake hata kidogo.

Deni lililobaki lilikuwa kama Sh. 680,000/-. Akiba yake yote ikachukuliwa, zikabaki Sh. 380,000/-, na hizo ziligawanywa kwa wadhamini wanne, Sh. 95,000/- kila mtu. Mmoja wetu alikuwa na binti anayeingia chuo cha ufundi muhula ule. Alipokwenda kuomba mkopo wa karo aliambiwa akiba yake imeshikwa. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima. Huyo mzee hasemi neno, lakini akiketi nasi wakati wa chai tunajua anafikiri nini. Gari liliuzwa kwa mtu wa vipuri, na fedha zake zikaishia kulipa gereji.

Wako watakaotujibu kwamba barabara zetu ni mbaya na gari dogo halitadumu. Tuwakumbushe mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, wakati lami ilipokuwa kidogo sana katika Afrika Mashariki. Ni gari gani lililoshinda? Mwaka 1963 lilishinda Peugeot 404, na mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo. Miaka ya 1966, 1967 na 1968 ilishinda tena Peugeot 404, mara tatu mfululizo. Hayo yote yalikuwa magari ya kawaida ya nyumbani, yanayovutwa na magurudumu mawili tu, yakapita matope na mawe ambayo mwanachama wa Umoja au Kayole hatayaona maishani. Na leo ukitaka kujua gari linalofika shambani, tazama Probox ya muuza mboga, imejaa hadi paa, yapanda mlima ambao mwenye Prado aogopa kuupanda kwa ajili ya rangi yake.

Wengine husema gari kubwa ni salama zaidi. Hapa tuangalie sana, maana dereva mpya aweza kufa kwa neno hili. Magurudumu manne yakivuta husaidia gari kuondoka penye utelezi. Hayasaidii kusimama. Kila gari, kubwa na dogo, lina breki katika magurudumu yote manne. Watu wa reli tunajua uzito ni nini mlimani: tani mbili zikiteremka Mai Mahiu hutia moto katika breki mara mbili ya tani moja, na breki za gari kuukuu hazikuwekwa jana. Tena gari lililoinuka juu hupinduka upesi likikatwa kona ghafula, na anayekata kona ghafula ni yule aliyepata leseni mwezi uliopita.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: yako magari ambayo ukiyatia magurudumu yote manne kuvuta, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Penye matope ni sawa, kwa maana gurudumu huteleza kidogo likajipatia nafasi. Penye lami kavu haliwezi kuteleza, na katika kona ekseli mbili hazizunguki sawasawa, basi vyuma hupotoana mpaka kimoja kivunjike. Sisi twajua gurudumu la behewa limechongwa mteremko kwa sababu ekseli yake ni moja na kona ni lazima. Gari la barabarani halikuchongwa hivyo. Mwenzetu mmoja aliendesha namna hiyo kutoka Athi River mpaka mjini akijisifu kwamba limeshika barabara.

Hatukatai kwamba Land Cruiser nzuri haiangushi bei upesi. Ni kweli. Lakini ile isiyoangusha bei ndiyo ile tusiyoweza kuinunua. Wala hatusemi kwamba magari haya hayana kazi. Land Rover ilitolewa mwaka 1948 kwa kazi ya shamba, nayo kazi hiyo ipo. Mwanachama mwenye shamba la udongo mweusi, ambaye mvua ya Aprili humfungia njia majuma mawili na maziwa yakamwagwa, huyo ana haki ya kutaka gari la kuvuta kwa magurudumu yote. Hata yeye atazame kwanza dogo kama Suzuki Jimny, ambayo ni kama tani moja tu. Wengine tusidanganyane. Twalitaka kwa ajili ya kwenda nalo nyumbani Desemba. Na ukifika nalo hutaachwa ukae nyuma katika harambee. Utaitwa mbele, uwekwe meza kuu, na mchango wako utatangazwa kwa kipimo cha gari, si kwa kipimo cha mshahara.

Kwa hiyo twaleta shauri. Tawi liiombe kamati ya mikopo kwamba mkopo wowote wa motokaa uwe na karatasi ya pili, na mwombaji aandike humo mambo matatu: petroli ya mwezi kwa safari yake halisi, bima, na fedha za matengenezo. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa wadhamini kabla hawajatia sahihi, pamoja na maneno ya fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Mdhamini apewe siku saba za kufikiri. Sisi tulipewa dakika tano, tena kwa chai ya mwombaji.

Mwenzetu aliyepatwa na mambo haya tumezungumza naye, na amekubali kuja mkutanoni kuyaeleza kwa kinywa chake. Aliye na shauri lingine aliandike, alipe karani wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.