Sufuria ya inoksi juu ya mbabula

Ubora wa sufuria ya inoksi hutazamwa kwenye kitako, si kwenye mng'aro. Inoksi yenyewe haisambazi joto vizuri. Ikiwa nyembamba, bugali huungua pale makala yalipokolea huku pembeni haujaiva. Sufuria bora huwa na bamba nene la alumini lililobanwa ndani ya kitako. Namba 18/10 iliyopigwa chini humaanisha kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, mchanganyiko unaostahimili kutu kuliko 18/0, isiyo na nikeli.

Katika milima ya Masisi, upande wa Ngungu, kifuniko nacho kina uzito wake: kwenye mwinuko wa mita 2000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na maharagi hukawia kuiva. Kifuniko kizito kinachokaa sawasawa huokoa makala. Vishikio viwe vya chuma, vilivyofungwa kwa ribiti; vya plastiki huyeyuka juu ya mbabula. Chumvi itiwe maji yakishachemka, kwani ikituama katika maji baridi huacha vishimo vidogo kwenye kitako. Chakula kikigandamana, sufuria ilowekwe maji ya moto, isikwanguliwe kwa kisu.