Kucheza si Utoto



Jumapili moja alasiri tulikuwa tumekaa kwenye vibaraza vya kambi, sisi wachumaji wa chai na wenzetu wa kiwandani. Wengine walisinzia, wengine walihesabu madeni ya duka. Watoto walikuwa wakicheza kwepena. Mpira wao wa majani makavu ya mgomba ukaja ukatuangukia miguuni. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watano, akauokota. Badala ya kuurudisha, akaingia katikati.

Mchezo huu kila msomaji anaujua. Wawili husimama pande mbili na kurushiana mpira, wa katikati hukwepa, akipigwa, ametoka. Hapa Uganda tunauita kwepena, Kenya ni kati, Tanzania ni rede. Nchi ni tatu, utoto wetu ni mmoja.

Siku ile tulicheza mpaka giza likaingia. Viuno viliuma, lakini tulicheka kama hatujacheka miaka mingi. Watu waliojuana kwa namba ya kazi tu wakaanza kuitana kwa majina. Kazini mkono wetu ni wa kuchuma, mgongo ni wa kubeba, mguu ni wa kusimama mbele ya mashine. Jioni ile mwili ulikuwa wetu wenyewe.

Kesho yake msimamizi mmoja alituambia kwamba kama tuna nguvu za kuruka, basi tunaweza kuongezewa kipimo. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka. Nguvu ile si mali ya mwajiri. Mwezi Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8, na baadhi yao waliuawa. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliweka saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Saa hizo hazikupiganiwa ili tulale tu mpaka nguvu za kesho zirudi. Hata ng'ombe wa plau hupumzishwa hivyo.

Lakini tuseme ukweli. Anayelipwa kwa kilo hukimbilia shambani Jumapili kwa sababu malipo ya siku sita hayamtoshi. Kudai mapumziko bila kudai mshahara wa kutosha ni maneno matupu. Tena tujihadhari na mwajiri ambaye akiombwa nyongeza huleta mpira na jezi. Mpira tuupokee, tuseme asante, kisha turudi mezani na madai yetu yale yale.

Na sisi wanaume tujisahihishe. Michezo ya chama imekuwa soka ya wanaume, na wanawake ni wa kushangilia. Wakitoka kazini wanaanza kazi ya pili: maji, kuni, chungu. Kwepena wengi wao wanaijua kutushinda. Wakiingia uwanjani, mmoja wetu hana budi kukaa na chungu jikoni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa matawi waingize mambo matatu katika madai yao: malipo yatakayomwezesha mchumaji kupumzika Jumapili bila kulala njaa, siku hiyo isiguswe kwa kazi ya kulazimishwa, na kila kambi iwe na kiwanja kisichogeuzwa mahali pa kutupia vyuma vibovu.

Ziko sauti zitakazosema kwamba watu wazima hawachezi michezo ya watoto. Tunawajibu kwamba tuliacha kucheza kwa sababu tulichoka, na si kwa sababu tulikua.

Jumapili ijayo tutakuwa uwanjani tena. Watoto wamekubali kutuazima mpira.