LAWAMA ZA VIJANA AZIBEBE MWALIMU

Aprili 2019 mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yalichezwa hapa Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria 5–4, na Uganda 3–0, na Angola 4–2. Mabao 6 walifunga, 12 wakafungwa.

Siku kama hizo mwalimu wa mpira awaambie nini waandishi? Aseme: “Ulinzi sikuufundisha vya kutosha.” Kosa la mchezaji alitaje kambini, si redioni. Kijana akifunga bao, asimwite mfalme. Akikosea, asimtaje jina. Mtoto aliyeaibishwa hadharani huuogopa mpira, na Taifa ndilo linalopata hasara kesho.

Sifa tugawane, lawama abebe mkubwa. Huo ndio uongozi.