Mwalo wa Katonga Ukiombwa Kutoa Alama

Saa tatu asubuhi katika mwalo wa Katonga, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, dagaa waliovuliwa usiku wamekwisha kumwagwa mchangani na juu ya vichanja. Kwa mbali wanameta kama bati jipya. Ukiinama unaona kila mmoja ana urefu wa kidole, ngozi ya juu imeanza kukunjamana, ya chini bado ina maji na imeshikwa na chembe za mchanga. Wanawake wanaoanika wanapita kuwageuza, kisha wanainua macho kutazama upande wa Kongo. Wanatafuta wingu. Jua likishika hadi jioni, mzigo umekauka na unaweza kupandishwa treni. Mvua ikianguka saa nane mchana, dagaa wanalowa, wanafifia rangi, na kesho yake wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mbali na hapo, kuna watu wenye mapenzi makubwa na hali ya hewa ambao wana mchezo wao wa kupendeza: kubuni tabianchi ya mji usiokuwepo. Mbunifu huchora jedwali la miezi kumi na miwili, akapanga joto la mchana na baridi ya usiku, milimita za mvua, saa za jua, siku za radi, hata theluji akiitaka. Wenzake humpa alama. Huyu anapenda baridi ya kugandisha mito. Yule anataka nyuzi 22 mwaka mzima na mvua inayonyesha usiku tu, watu wakiwa wamelala. Mchezo huu una elimu ndani yake, kwa maana asiyejua jinsi milima inavyokinga mawingu au bahari inavyopoza pwani hawezi kubuni jedwali likaaminika. Lakini katika miji hiyo ya kufikirika hakuna anayevua, anayelima wala anayeanika.

Wataalamu nao hutoa alama. Mwaka 1985 Zbigniew Mieczkowski wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alitunga kipimo cha kuonyesha jinsi tabianchi ya mahali popote inavyomfaa mtalii, jumla yake ikiwa alama 100. Starehe ya mchana aliipa 40, starehe ya saa ishirini na nne 10, mvua 20, jua 20 na upepo 10. Mwezi wenye mvua isiyofika milimita 15 unazoa alama zote za mvua. Wenye 150 au zaidi hauambulii kitu. Upepo nao unahesabiwa kwa namna unavyompoza mtu ngozi. Kwa kazi kiliyotungiwa, kipimo hicho hakina ubaya. Aliyekata tiketi ya wiki moja ana haki ya kuikwepa masika.

Kigoma hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei. Kwa kipimo cha mtalii, Julai isiyo na tone ingefaulu kwa kishindo, Desemba na Machi zikaburuza mkia. Na ni kweli kwamba waanikaji wa Katonga wangeipa Julai alama za juu vilevile. Hapo mtalii na mwanika dagaa wanakubaliana, tena kwa jambo moja tu, jua. Baada ya hapo kila mtu anashika njia yake.

Upepo ndio unaostahili kutetewa kuliko vyote.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Sehemu kubwa ya maji hayo ni kiza kisicho na hewa. Ukishuka kati ya mita 100 na 200 oksijeni inakwisha, na samaki hawaishi huko. Lakini mbolea ya ziwa, inayotokana na viumbe vilivyokufa na kuzama tangu enzi, imerundikana humo humo chini. Juu kuna mwanga bila mbolea, chini kuna mbolea bila mwanga, na anayevikutanisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, ukiyasukuma maji vuguvugu ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa Mpulungu, Zambia, maji baridi ya chini hupanda kuziba pengo. Upepo ukilegea, tabaka la vuguvugu hurudi kusini, likayumba mbele na nyuma kama maji ya beseni lililosukumwa, ila mzunguko mmoja wa kuyumba huchukua karibu mwezi mzima. Kwa kuyumba huko mbolea huinuliwa hata huku kaskazini. Mwani huota, vijidudu vya majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa, na mtu wa Ujiji anakula wote wawili kwa ugali.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto na upepo umepungua kasi. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo huenda limepunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Sababu yake inaeleweka hata jikoni. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya yale ya baridi, kama mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Kadiri tofauti inavyokua, ndivyo upepo unavyohitaji nguvu zaidi kuyachanganya. Kwa hiyo mbunifu anayefuta upepo kwenye jedwali lake na kuongeza nyuzi mbili za joto ili jioni ziwe tamu, amekwisha kuliua ziwa kabla hajafika mstari wa Agosti.

Upepo huo huo huzamisha mitumbwi. Hakuna anayeweza kuusifu mbele ya mjane wa mvuvi, na makala hii haithubutu. Inachosema ni kwamba upepo una thamani ambayo alama 10 za starehe ya ngozi haziwezi kuibeba, na hatari ambayo alama hizo hazikuiona kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo halijaingia kwenye jedwali la mtaalamu wala la mpenzi wa hali ya hewa: giza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi taa nyingi zinatumia betri na umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa imetanda, taa haina mvuto, na wavuvi hupumzika mpaka mwezi upungue. Usiku mwema wa Katonga ni usiku mweusi usio na mawimbi, ukifuatwa na mchana mkali usio na wingu. Sifa hizo mbili zinatakiwa ndani ya saa ishirini na nne zilezile.

Kutoa alama kwa hali ya hewa kuna historia ndefu, na si historia safi. Katika Muqaddimah, aliyoiandika mwaka 1377, Ibn Khaldun aliigawa dunia katika kanda saba, akaziweka zile za katikati kuwa za wastani na zenye watu waliokamilika, na wa kanda za pembeni, kusini na kaskazini, akawahesabu pungufu. Karne kadhaa baadaye wakoloni walifanya hivyohivyo wakiwa na vipimajoto mkononi. Palipokuwa na ubaridi palihesabiwa kuwa na afya. Wajerumani walijenga Wilhelmstal, Lushoto ya leo, katika milima ya Usambara; nyanda za juu za Kenya zikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mwenyeji wa nyanda hizo hakuulizwa aliipa hewa yake alama ngapi. Alihamishwa. Kwa hiyo swali la nani ameshika kalamu si swali dogo.

Akibadilika mshika kalamu, hata mvua hubadilika cheo. Kusini mwa Oman, Juni hadi Septemba, upepo wa bahari huleta ukungu na manyunyu Salalah, na milima ya Dhofar inageuka kijani. Ni majira wanayoyaita Khareef. Wakati huo Muscat joto linaweza kupita nyuzi 40, na familia kutoka kote Ghuba, wakiwemo Waomani waliolelewa kwa Kiswahili, husafiri kwenda kutandika mikeka chini ya manyunyu yale. Wanalipia hotelini kitu ambacho kipimo cha mtalii kingekihesabu kuwa kasoro.

Hata ndani ya Kigoma hakuna jedwali moja. Mchikichi, mti ambao Serikali imeupa mkoa huu kama zao lake la kimkakati na ambao kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinauzalishia mbegu bora, hupenda mvua ya karibu milimita 2,000 iliyosambaa mwaka mzima. Hiyo ni mara mbili ya mvua ya Kigoma. Akipewa mkulima wa michikichi kalamu, ataifuta Julai kavu na kuandika mvua, na mwanika dagaa atalia. Na mvua ikizidi kwa miaka mfululizo, ziwa linapanda. Mwaka 2024 lilifunika nyumba na mialo kwenye fukwe za Kigoma, na ng'ambo likaingia mitaani Uvira, Kalemie na Bujumbura.

Sasa Katonga waandike lao. Mwezi wa Juni: upepo wa kusini wa kutosha kulitikisa ziwa, lakini utulie usiku wa giza. Mwezi wa Septemba: jua la saa kumi kwa siku, moshi wa nyika zinazochomwa usizidi, maana siku hizo milima ya Kongo hupotea kabisa machoni. Mwezi wa Novemba: mvua ianze tarehe isiyomhadaa mkulima, inyeshe jioni, hewa ioshwe na milima ionekane tena asubuhi. Mwezi wa Machi: mapumziko ya siku mbili kavu katika kila wiki. Mwezi wa Mei: mvua ikate. Jedwali kama hilo lingeshangaza wapenzi wa hali ya hewa, na pengine wangelipa alama ndogo kwa sababu halina theluji.

Mvua haiamrishwi na mtu. Lakini kuna hewa ambayo mtu anaweza kuibuni, nayo ni ile iliyo juu ya kichanja. Kikaushio cha nailoni kinachonasa jua na kuzuia matone ni tabianchi ndogo yenye Julai yake mwezi wa Machi. Tanzania ilipofunga uvuvi wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, miezi yenye jua bora la kuanikia ilipita bila mzigo mpya. Wavuvi waliporejea majini, ilikuwa imebaki miezi miwili hivi mvua zianze. Kama ziwa litapumzishwa wakati wa jua, basi vikaushio si pambo la mradi. Vinatakiwa vijengwe vingi na vikopeshwe kwa masharti ambayo mwanamke wa mwaloni anayamudu.

La pili ni taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, Kigoma ikiwemo. Ni kazi nzuri na inamsaidia mkulima kuchagua mbegu. Mwaloni kunahitajika kitu kifupi kuliko hicho: ubao mmoja, umeandikwa kwa chaki kila alfajiri, unaosema leo jua linatarajiwa hadi saa ngapi, mvua ina uwezekano gani mchana, na upepo wa usiku utakuwa na nguvu kiasi gani. Mitumbwi hurudi kunapopambazuka. Dagaa wanauzwa wabichi hapohapo, kwa ndoo, kabla jua halijapanda, na mwanamke aliyesimama majini akiwa na fedha ya mkopo mkononi ana dakika chache za kuamua anunue ndoo mbili au kumi.