Sherehe ya harusi ipangwe kuanzia saa ya kula

Mahindi yakishaingia ghalani, kata ya Ndalambo wilayani Momba, mkoani Songwe, huingia msimu mwingine. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kabla mvua hazijarudi, kamati za harusi huundwa, vikao hukaa Jumapili hadi Jumapili, na makundi ya WhatsApp hufunguliwa ili ndugu walioko Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam watoe ahadi zao. Kikao cha kwanza huzungumzia ukumbi au turubai. Cha pili ni mapambo, keki, gari la maharusi, muziki na mshereheshaji. Chakula huachiwa kina mama, na swali linaloulizwa sana ni mchele kilo ngapi na ng'ombe wangapi.

Swali linalosahaulika ni dogo kuliko hayo: wageni watakula saa ngapi?

Katika sherehe nyingi jibu hupatikana siku yenyewe. Kadi inasema saa nane mchana, maharusi wanaingia saa kumi na moja. Kisha unafuata utambulisho wa pande mbili, keki, nasaha za wazee na zawadi, ukoo mmoja baada ya mwingine. Chakula kinatangazwa saa mbili usiku. Wakati huo watoto wamelala mapajani mwa mama zao, bibi mwenye kisukari ametulizwa kwa soda tu tangu mchana, na wali ulioiva saa saba uko kwenye masufuria yaleyale, umefunikwa kwa majani na magunia.

Hapo ndipo sherehe huharibika, hata kama mapambo yanang'aa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila moto wala baridi, na kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60. Wali una hatari yake ya pekee. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu inayotapisha, na sumu hiyo haitoki kwa kupasha moto. Mchuzi wa nyama uliopoa polepole ndani ya sufuria kubwa nao huwa makazi mazuri ya vimelea vya kuharisha. Mgeni anayeumwa tumbo usiku wa manane hatasema ratiba ilichelewa. Atasema harusini kwa fulani kulikuwa na jambo.

Kwa hiyo kamati ianze na saa ya kula, kisha ihesabu kurudi nyuma.

Tuseme chakula ni saa kumi jioni. Wali wa sufuria ya kwanza uinjikwe saa nane na nusu, wa pili nusu saa baadaye, wa tatu baada ya huo, ili kila kundi la wageni lipakuliwe wali uliotoka motoni. Sufuria tatu zinazopishana ni bora kuliko moja kubwa iliyoiva mchana. Mchuzi ukae jikoni ukichemka hadi dakika ya kupakua. Ng'ombe achinjwe alfajiri ya siku hiyo na nyama ikaguliwe na ofisa mifugo kabla haijakatwa, badala ya kuchinja jana yake na kuilaza nyama bila jokofu. Kachumbari, ambayo haipiti motoni, ikatwe mwisho, kwa mboga zilizooshwa kwa maji safi na salama na kisu ambacho hakikugusa nyama mbichi.

Ratiba ya ukumbini nayo ifuate jiko. Maharusi waingie, sala isomwe, utambulisho uwe mfupi, watu wale. Keki, nasaha na zawadi vije watu wakiwa wameshiba. Wanaoogopa kwamba wageni watakula na kuondoka wakumbuke kwamba mtu aliyeshiba ndiye anayecheza muziki. Watoto, wazee na wajawazito wapakuliwe kwanza, na kwenye kila meza kuwe na maji ya kunywa, si soda peke yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Kwa baba mwenye kisukari aliyekaa na njaa tangu asubuhi, hilo si jambo dogo.

Ndalambo ina jambo jingine la saa. Wageni wengi wana ndugu ng'ambo ya mpaka, Nakonde na vijiji vingine vya Zambia, ambako saa iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tanzania ikiwa saa nane mchana, Zambia ni saa saba. Shangazi anayesoma kadi kwa saa ya kwake atafika saa nzima baadaye bila kosa lolote, na foleni ya malori ya Tunduma inaweza kumwongezea nyingine. Kadi iandikwe wazi "saa za Tanzania", na anayewaalika wa ng'ambo awapigie simu siku mbili kabla.

Baada ya saa huja maji. Msimu wa harusi ndio msimu wa kiangazi, na kadiri Septemba na Oktoba zinavyokaribia ndivyo visima vingi vinavyopungua. Kwa wageni 300, lita moja ya kunywa na nusu lita ya kunawa kwa kila mmoja ni lita 450, yaani madumu 23 ya lita 20, kabla hata ya kupika na kuosha vyombo. Hesabu hiyo ikifanyika asubuhi ya harusi, vijana watachota popote. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake, yapoe na kufunikwa, au yatiwe dawa kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Yatolewe kwa bomba la ndoo. Kikombe kisizamishwe ndani. Karibu na choo na karibu na chakula kuwe na ndoo yenye bomba na sabuni. Beseni moja linalopitishwa meza kwa meza, watu wakinawia maji yaleyale, linaondoa vumbi na kugawa vimelea. Tanzania haijasahau mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na mikono.

Kwenye pombe ya kienyeji pia, wazee wa ukoo wana la kusimamia. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Mwanzoni watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Kuchemsha hakuiondoi. Mahindi au unga uliolowa, ukaota ukungu au kunuka, usiingie kwenye komoni, togwa wala uji wa sherehe, hata kama bajeti imebana.

Na bajeti hubana, kwa sababu ahadi si fedha. Wiki mbili kabla ya siku, mweka hazina asome kilichopo mkononi, si kilichoahidiwa. Pengo likionekana, kamati nyingi hupunguza kilo za mkaa, idadi ya wapishi na maji, kwa kuwa havionekani kwenye picha. Afadhali kupunguza aina za vyakula. Wali, nyama na maharage vya moto vinamheshimu mgeni kuliko aina saba zilizopoa. Afadhali pia kupunguza idadi ya kadi mapema kuliko kumwacha mtu aliyechangia arudi nyumbani bila kula.

Chakula kikibaki, kigawiwe palepale, usiku uleule, kwenye vyombo vidogo vinavyopoa haraka. Wali uliolala kwenye sufuria kubwa hadi asubuhi wasipewe watoto kama kiamsha kinywa. Akitokea mtu anayeharisha majimaji au kutapika mfululizo, aanze kunyweshwa maji ya chumvi ya ORS bila kusubiri na apelekwe kituo cha afya. Wakiwa wawili au zaidi, mtoa huduma aambiwe kwamba walikula pamoja. Ushauri pia hupatikana bure kwa kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya.

Kamati yenye kikao Jumapili hii inaweza kuongeza ajenda moja: nani atashika saa. Asiwe mama wa bwana harusi, ambaye siku hiyo ana mengi, wala mshereheshaji mwenyewe. Awe shemeji au binamu anayesikilizwa na wapishi na anayeweza kumnong'oneza mshereheshaji kwamba saa kumi imefika, wali uko tayari, na hotuba iliyobaki isubiri.